Mama wa darasa la saba na pepa la kidato cha nne

Haya wajameni, msimu umewadia. Ukipita mitaani jioni unawaona watoto wa kidato cha nne wanatoka tuisheni, madaftari kwapani, macho mekundu, hawana hata muda wa kubishana habari za Simba na Yanga. Mitihani ya moku imekwisha, matokeo yamebandikwa ukutani, na pepa lenyewe la taifa ni Novemba. Na sisi Wabongo kwa ushauri hatujambo. Kila anayemwona mtoto wa kidato cha nne ana la kumwambia: soma kwa bidii, mtangulize Mungu, achana na simu. Ila sijasikia mtu akimshauri mzazi wa huyo mtoto. Leo basi nataka kusema na wazazi, hasa wale ambao hawakubahatika kufika huko kidato cha nne.

Nina sababu. Mdogo wangu wa mwisho naye anakaa kwenye hilo pepa mwaka huu. Majuzi nilipiga simu nyumbani Morogoro kumuuliza mama maandalizi yanakwendaje. Mama akavuta pumzi, akaniambia, "Mwanangu, mimi nimeishia la saba. Kiingereza sikijui. Nitamsaidia nini huyu mtoto zaidi ya kumwombea?" Swali hilo nimelisikia mara nyingi nikiwa kwenye kazi yangu hii ya gazeti, kutoka kwa mama lishe, kwa makondakta, kwa wazazi wanaokuja vikao vya shule wakakaa viti vya nyuma kabisa kwa sababu wanaona aibu. Wanaamini kwamba kazi ya mzazi ni kutoa ada, kununua daftari, halafu kusubiri matokeo kama mtu anayesubiri mvua. Jibu langu kwa mama lilikuwa refu kuliko salio langu, kwa hiyo nimeamua kuliandika hapa.

Jambo la kwanza ni kujua mchezo unavyohesabiwa. Kwa hili huhitaji Kiingereza, unahitaji kujumlisha tu, na sijamuona mama muuza vitumbua asiyejua kujumlisha. Baraza la Mitihani, NECTA, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 baada ya Tanzania kujitoa kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki. Utaratibu wake wa madaraja kwa kidato cha nne ni huu: A ni alama 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya hapo ni F. A ina pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, F pointi 5. Wanachukua masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi, wanajumlisha pointi zake. Pointi 7 hadi 17 ni Division One, 18 hadi 21 ni Two, 22 hadi 25 ni Three, 26 hadi 33 ni Four, na 34 na 35 ndiyo ile ziro tunayoijua.

Sasa fanyeni hesabu na mimi. Mtoto amepata D saba kwenye moku. Saba mara nne ni 28, hiyo ni Division Four. Mzazi anakata tamaa, anaona mtoto ni mzito. Lakini masomo matatu tu kati ya hayo yakipanda kutoka D kwenda C, jumla inashuka hadi 25. Hiyo ni Division Three, na C tatu ndizo kiwango cha chini cha kufikiriwa kwenda kidato cha tano, mradi masomo hayo yaendane na tahasusi. Yote saba yakifika C ni 21, Division Two. Na tofauti ya D na C inaweza kuwa alama moja tu, kati ya 44 na 45.

Kwa hiyo mzazi, kaa na mtoto, mwambie alete karatasi ya matokeo ya moku, na uulize swali moja: lipi liko karibu na mstari? Mdogo wangu ana Jiografia 43, Bailojia 41, Historia 38. Halafu ana Hisabati 17. Nyumba nzima inapiga kelele za Hisabati, hela yote ya tuisheni imekwenda kwenye Hisabati, na mtoto analia usiku juu ya Hisabati. Sisemi Hisabati itupwe, maana ina faida zake maishani na kwenye vyuo. Ninachosema ni kwamba kwa wiki zilizobaki, saa mbili za Jiografia zinaweza kumpa alama mbili anazozitaka, na saa mbili hizo hizo kwenye Hisabati zinaweza kumtoa 17 zikampeleka 21, ambayo bado ni F. Hilo ni jambo la kupanga pamoja kama mnavyopanga matumizi ya mwezi. Mtoto akipangiwa na woga atakimbilia kule kunakomtisha zaidi.

Jambo la pili ni muda, na hapa ndipo mimi na mama hatujaelewana hadi ninapoandika haya.

Mdogo wangu anaamka saa kumi alfajiri kumsaidia mama kupika vitumbua. Saa moja yuko shule. Anatoka saa tisa, anapitia tuisheni hadi saa kumi na moja jioni. Akifika nyumbani kuna maji ya kuchota, chakula cha kupika, vyombo vya kuosha na mchele wa kuloweka kwa ajili ya kesho. Anashika daftari saa tatu usiku na analala saa sita. Hesabuni wenyewe. Huyo ni binti wa miaka 17 anayelala masaa manne. Madaktari wa usingizi wa Marekani, kupitia chama chao cha American Academy of Sleep Medicine, walitoa mapendekezo mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale masaa 8 hadi 10 kwa siku. Hawakusema hivyo kwa kudekeza watoto. Ubongo ukilala ndipo unapopanga yale uliyoyapokea mchana. Mtoto anayekesha na kitabu huku anasinzia ni sawa na mtu anayejaza maji kwenye ndoo iliyotoboka, tena anajisifu kwamba amechota safari nyingi.

Nilipomweleza mama hayo hakunyamaza. "Vitumbua hivyo ndivyo vilivyokusomesha wewe mpaka chuo kikuu," alisema. Kweli tupu. Mzee ni mlinzi wa usiku, mshahara wake unaishia kwenye kodi na unga. Bila lile jiko nisingekuwa na hii kalamu. Sitaki kuwa yule msomi anayetoka mjini na kuja kumwambia mama yake aache biashara.

Ila kuna jambo ambalo nyumbani kwetu halijawahi kusemwa kwa sauti. Dada yetu mkubwa naye alikuwa anaamka saa kumi mwaka wake wa kidato cha nne. Alipata ziro. Miaka miwili baadaye ilipofika zamu yangu, mimi niliachwa nilale, kwa sababu ni mvulana na nina pepa. Aliyeamka kunipikia mimi na wateja alikuwa dada. Nilipofaulu watu walisema nina akili, na dada wakasema hakuwa na kichwa cha shule. Leo hii yuko Kihonda na watoto wake wawili, na akinisaidia kusahihisha hesabu ya vikoba vya mama huwa hakosei hata senti. Kichwa anacho. Alichokosa ni usingizi na muda.

Kwa hiyo pendekezo langu, ambalo nimempa mama na ninawapa wazazi wote wenye mabinti, ni hili. Kwa wiki hizi zilizobaki, kazi za nyumbani zigawanywe upya. Kaka yetu wa kati ana miaka 21, anaendesha bodaboda, na asubuhi hana abiria kabla ya saa kumi na mbili. Mikono anayo. Mama alicheka sana kwenye simu: "Umemuona kaka yako na kikaango?" Nikamwambia kikaango hakiulizi jinsia. Kaka mwenyewe ameguna tu. Kama hataki jiko, basi achote maji na aoshe vyombo jioni, mdogo wetu alale saa nne badala ya saa sita. Na kama kikaango cha pili kitabidi kipumzike, nimesema nitatuma elfu mbili za kila siku kufidia, ingawa anayelipwa kwa habari iliyotoka gazetini anajua elfu mbili za kila siku si mchezo. Mama bado hajasema ndiyo. Amesema atafikiri. Kwa mama yangu, "nitafikiri" ni hatua kubwa.

Najua kuna nyumba ambazo hakuna kaka, hakuna wa kutuma elfu mbili, na mama yuko peke yake. Huko sina dawa ya miujiza. Hata nusu saa inayookolewa ni nusu saa. Ukiweza kumpunguzia kazi moja tu, mpunguzie ile ya usiku, ili alale.

Jambo la tatu ndilo linalonifurahisha kuliko yote, kwa sababu ni mama wa darasa la saba ndiye anayeliweza vizuri. Mwambie mtoto akufundishe.

Mwaka 2006, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi. Waliwapa habari fupi za kusoma. Kuna habari ambayo mwanafunzi aliisoma kisha akairudia kuisoma, na kuna nyingine ambayo aliisoma mara moja kisha akafunga karatasi na kuandika kila anachokumbuka. Waliopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81 na walioandika bila kuangalia asilimia 75. Ukiishia hapo utasema kurudia kusoma ndiyo bora. Lakini waliopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 42, walioandika bila kuangalia wakabaki na 56. Na pepa la taifa haliji dakika tano baada ya kufunga kitabu, wajameni. Linakuja baada ya wiki na miezi.

Watoto wetu wengi wanapiga msuli kwa njia ile ya kwanza. Wanasoma daftari, wanapiga mistari kwa kalamu ya rangi, wanasoma tena mpaka wanajiona wameelewa kwa sababu maneno yameanza kuonekana ya kawaida. Kuyazoea maneno kwa macho na kuweza kuyatoa kichwani ni mambo mawili. Ili ayatoe kichwani anahitaji mtu wa kumuuliza, na mtu huyo si lazima ajue jibu.

Hapo ndipo mama anapoingia. Unachambua mchele, mtoto yuko pembeni, daftari limefungwa. "Haya mwanangu, leo mmesoma nini? Nieleze kwa Kiswahili mpaka nielewe." Akisema mimea inatengeneza chakula chake yenyewe, muulize: kwa kutumia nini? Kwa nini mche wangu niliouacha gizani ulinyauka? Akisema habari za Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, muulize walikutana kufanya nini, na babu zetu huku walikuwa na habari? Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 mama aliyesoma la saba anavijua, na pengine anajua mambo aliyohadithiwa na bibi yake ambayo hayapo kwenye daftari. Mtoto akianza kubabaika, akisema "sasa mama huwezi kuelewa," hapo ndipo penyewe. Mara nyingi ni yeye ambaye hajaelewa, amekariri sauti za Kiingereza tu. Afungue daftari, aangalie alipokwama, afunge, aeleze tena.

Nasisitiza Kiswahili kwa sababu tunajua wote yanayowapata watoto hawa. Miaka saba ya shule ya msingi wengi wamesoma kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza wakakuta kila kitu kimegeuka kuwa Kiingereza. Wengi walianza kukariri siku hiyo na hawajaacha. Akishaelewa kwa Kiswahili na mama, achukue karatasi aandike maelezo yale yale kwa Kiingereza, maana pepa lake litamtaka Kiingereza, isipokuwa masomo machache kama Kiswahili chenyewe. Ataandika kwa makosa, sawa. Mwalimu atasahihisha kesho. Kuandika kwa makosa kitu unachokielewa ni mwanzo mzuri kuliko kuandika sawasawa kitu usichokijua maana yake.

Na asimalize somo moja kwa siku moja halafu akaliacha mwezi mzima. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, aliandika tangu mwaka 1885, baada ya kujipima mwenyewe, kwamba mtu husahau haraka sana mwanzoni na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashikiza zaidi kuliko kurundika siku moja. Mama anaweza kulisimamia hili bila kufungua kitabu. Jumatatu alikueleza usanisinuru, Alhamisi muulize tena ghafla akiwa anafua. Utamuona anavyokuna kichwa, kisha anakumbuka. Kule kukuna kichwa ndiko kusoma kwenyewe.

Jambo la nne ni pasti pepa na saa ya ukutani. Karatasi nyingi za kidato cha nne ni za masaa matatu. Masaa matatu ya kukaa, kufikiri na kuandika ni kazi ya mwili kama kulima. Mtoto ambaye hajawahi kukaa masaa matatu mfululizo nyumbani atachoka saa ya pili kwenye chumba cha mtihani, tena maswali marefu yakiwa bado. Basi Jumamosi asubuhi mpe meza, au hata ndoo iliyogeuzwa na ubao juu yake, mpe mtihani wa miaka ya nyuma, wewe shika simu na saa. Asisimame, asitumwe dukani, wadogo zake waende kucheza kwa jirani. Muda ukiisha mwambie aweke kalamu chini hata kama hajamaliza. Atakasirika. Mara ya tatu atakuwa amejifunza kugawa muda.

Kuna kitu kingine ambacho wazazi wengi hawakijui, na hata walimu baadhi hawakitumii. NECTA huchapisha kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Humo wanaeleza swali kwa swali wanafunzi walifanyaje, wengi walikosea wapi, na wanaonyesha mfano wa jibu zuri na jibu baya la mtahiniwa. Ni bure. Gharama ni bando tu. Ni kama msahihishaji ameketi na mtoto wako anamwambia: "Mwaka ule wenzako walipoteza alama hapa, wewe usipotee." Kama simu yako ni ya kitochi, mtafute kijana wa jirani mwenye simu janja, amshushie za masomo yale yaliyo karibu na mstari.

Nimetaja simu. Kuna jambo la tano, na hili nalisema kama mwandishi. Zikikaribia siku za mtihani kutaibuka watu kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram wanaouza "pepa". Mzazi utaletewa habari kwamba fulani ana mtihani wenyewe, changa elfu kumi. Wengi wao ni matapeli wanaouza moku ya mkoa mwingine. Na kama ingekuwa ya kweli, ndiyo mbaya zaidi. Oktoba 2018 Baraza lilifuta matokeo ya darasa la saba kwa shule zote za msingi za Halmashauri ya Chemba huko Dodoma, pamoja na shule nyingine kadhaa ikiwemo za Dar es Salaam, baada ya kubainika udanganyifu, na watoto wakalazimika kurudia mtihani. Fikirieni mtoto wa miaka 13 aliyesoma kwa haki, anaambiwa arudi kwenye dawati kwa sababu ya tamaa za watu wazima. Mzazi anayemnunulia mtoto pepa anamwambia kwa vitendo kwamba hamwamini. Hiyo elfu kumi nunua maziwa, mayai na maharage.

Jambo la sita ni zile wiki tatu za mtihani wenyewe. Hapa mambo madogo ndiyo yanayoangusha watu. Ratiba ibandikwe ukutani, mzazi naye aijue, ajue kwamba Jumatano ni Kemia na mtoto asitumwe msibani Jumanne usiku. Kalamu mbili, penseli, kifutio na rula viwekwe jioni. Nauli itengwe ya siku zote kabla pepa la kwanza, isije ikategemea mauzo ya asubuhi. Simu ibaki nyumbani, maana ikikutwa kwenye chumba cha mtihani ni kesi. Asubuhi ale chakula alichokizoea. Huu si wakati wa kumjaribisha dawa za kuongeza akili zinazouzwa na wapita njia. Na kwa wenye mabinti: mtihani unachukua takribani wiki tatu, kwa hiyo hedhi ina nafasi kubwa ya kuangukia humo. Pedi ziwepo ndani tangu wiki ya kwanza, na dawa ya maumivu kwa anayeumwa. Baba, usione aibu, hii ni sawa na kununua kalamu. Binti anayekaa kwenye kiti masaa matatu akiogopa kusimama hawezi kukumbuka Fizikia.

Nimeliacha la mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndilo gumu: mdomo wa mzazi. "Ukipata ziro usirudi hapa." "Nimeuza shamba kwa ajili yako." "Angalia mtoto wa jirani." Wazazi wanasema hivi wakidhani wanatia moto. Mtoto anasikia kwamba nyumba ina masharti. Woga kidogo unaamsha, woga mwingi unafunga kichwa, na kila aliyewahi kusahau jina lake mbele ya askari wa usalama barabarani anajua ninachosema.

Tena matokeo hayamtegemei mtoto peke yake. Wakubwa mnakumbuka Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata ziro. Nchi ilitikisika, Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, akaunda tume, na Mei mwaka huo matokeo yakatangazwa upya baada ya kurekebishwa utaratibu wa upangaji alama. Watoto waliotukanwa Februari kuwa ni wavivu, Mei baadhi yao walikuwa wamefaulu, na majibu yao kwenye karatasi yalikuwa yale yale. Matusi waliyopewa nyumbani hakuna tume iliyoyafuta.

Kwa hiyo kabla ya pepa la kwanza, kaeni mpange njia tatu, mkiwa hamjakasirika wala kufurahi. Ikipatikana nafasi ya kidato cha tano, ataenda. Isipopatikana lakini ana ufaulu wa masomo manne, milango ya vyuo vya kati ngazi ya cheti iko wazi kwa fani nyingi, na nyingine zinataka masomo maalumu, kwa hiyo muulizie mapema. Kuna VETA kwa ufundi. Na ikiwa mbaya kabisa, anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea mwaka unaofuata. Mtoto anayejua kwamba ikishindikana njia ya kwanza kuna ya pili anaingia kwenye chumba cha mtihani akiwa mwepesi.

Siku ya matokeo, mwezi Januari, majirani watakuwa wameshaona kwenye simu kabla yako. Watakuja na pole au na hongera. Mlango uwe wako. Mtoto akae ndani na wewe kwanza, mle, mlale, maneno ya matokeo yawe ya kesho yake.

Mzazi, umeona kwamba katika yote haya hakuna hata moja linalotaka ujue Kiingereza? Kujumlisha pointi, kugawa kazi, kuuliza maswali, kushika saa, kununua pedi, kuchunga ulimi. Mwalimu wa Bailojia hawezi kukufanyia hayo, na ana wanafunzi wengi mno darasani. Wewe una mmoja.

Kila la heri watahiniwa wote. Na kaka yangu, kama unasoma hapa, vyombo viko jikoni.

Alamsiki.